Bastola ya Mtumba na Bahasha Kumi na Saba

Jumanne, Durban. Joto la kunata tangu asubuhi, lile la Februari ambalo unamaliza kuoga na jasho linaanza kabla hujajifuta. Mawingu yamekaa juu ya mtaa wetu wa Berea siku nzima na mvua imegoma. Na mimi nimegoma. Leo sijaenda kazini, nilikaa nyumbani kumsubiri askari, na sasa hivi nina moyo uliojaa mpaka shingoni. Ndiyo maana nimefungua kompyuta badala ya kupika.

Nianze na yaliyotokea saa nne asubuhi, maana wengine mnanisoma leo kwa mara ya kwanza.

Askari alikuja kukagua sefu. Hapa Afrika Kusini hupewi leseni ya bastola mpaka polisi wafike kwako, waone kwa macho yao kwamba unalo kasha la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, na kwamba anayelifungua ni wewe peke yako. Kwangu mimi ilikuwa imebaki hatua hiyo tu. Nimeingoja miezi kumi na mmoja.

Akaja mama mmoja, sajenti, Mzulu, mpole, faili kwapani. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akihema. Nikampa maji, akanywa, akanishukuru, akaniita Ma. Akaitikisa sefu kwa mikono miwili, haikutikisika. Akazikagua bolti zote nne. Akasema nzuri sana, wengi wanafunga kwa misumari ya kuning'inizia picha. Nikavimba kichwa. Kisha akasema, "Fungua, Ma."

Nikafungua.

Ndani kulikuwa na bahasha kumi na saba.

Akauliza hizi ni nini. Nikamwambia ni makaratasi ya watu. Watu gani? Majirani, nikasema, na wa kanisani. Akazitazama bahasha, akanitazama mimi. "Na ufunguo wa pili uko wapi?" Nami kwa kiherehere changu, tena kwa majivuno, kama mwanafunzi anayelijua jibu kabla ya wenzake: "Uko kwa Mama Espérance, mlango wa pili hapo."

"Eish, Ma," akasema, akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana angenigombeza ningepata pa kuanzia. Aliongea taratibu. Alisema bastola ina mtu mmoja. Ufunguo ukiwa na watu wawili, na watu kumi na saba wakiwa wanaingia na kutoka kwenye sefu hiyo hiyo, yeye hawezi kuandika ndiyo kwenye faili lake, hata kama anataka. Hii siyo posta, Ma. Toa makaratasi, rudisha ufunguo, kila mtu aijue njia ya kwake. "Nitarudi Alhamisi. Nikikuta tupu, naandika ndiyo." Akamaliza maji yake, akashuka ngazi.

Sikumchukia yeye, anafanya kazi yake. Niliichukia sefu. Kisha nikazichukia bahasha, naomba nisiwafiche. Nilizitazama nikasema moyoni, hivi mimi nimekuwa kabati la nani?

Sasa rudini nyuma nami kidogo.

Miaka minne iliyopita waliingia watu watatu humu ndani. Jumapili mchana, tumetoka kanisani, wali uko jikoni. Walimlaza Baba Riziki, mume wangu, kifudifudi kwenye zulia hili hili, na mimi pembeni yake. Mmoja akamkanyaga shingoni. Mimi Mha wa Kigoma, ninayejulikana soko zima la Pinetown kwa mdomo, mnajua nilifanya nini? Niliwaita wanangu. "Wanangu, chukueni tu. Wanangu, msimuumize baba yenu."

Baba yenu!

Hilo sijawahi kuliandika mahali popote. Watu wanamkanyaga mume wangu shingoni na mimi nawaita wanangu. Mdomo ulisema wenyewe, lakini ulikuwa mdomo wangu.

Walichukua simu mbili, televisheni, na begi lililokuwa chini ya kitanda. Lile begi walidhani lina kitu. Lilikuwa na makaratasi tu: cheti cha ndoa, vyeti vya shule vya mwanangu Riziki, karatasi zangu za ukaaji, na karatasi ya ukimbizi ya Baba Riziki, ambaye alikuwa mtu wa Uvira, Kongo. Nadhani walilitupa kwenye shimo la takataka hata hawajafika barabara kubwa.

Zangu nilizihangaikia nikapata nyingine. Mimi ni Mtanzania, nilikuja kwa kazi, ukaaji wangu wa kudumu umeandikwa serikalini. Yake ilikuwa habari nyingine. Alipanga foleni alfajiri kwenye ofisi ya wakimbizi, akaambiwa asubiri, akarudi, akapanga tena pamoja na mamia ya wengine. Mwaka ukaisha. Mtu mrefu yule, aliyekuwa akiingia mahali unajua ameingia, akaanza kutembea pembeni ya kuta. Akiona gari la polisi anageuka kutazama dirisha la duka, hata kama ni duka la nguo za watoto. Na alikuwa na tabia moja iliyonitoa machozi. Tangu zamani aliibeba karatasi yake mfuko wa ndani wa koti kila anapotoka, na akifika mlangoni anaupiga ule mfuko mara mbili kwa kiganja, kuhakikisha. Ile Jumapili tu ndiyo alikuwa ameirudisha begini. Basi karatasi ikaondoka, tabia ikabaki. Kila asubuhi anapiga mfuko mtupu, mara mbili, anatoka.

Kifua kilipoanza kumbana, akasema ataenda hospitali karatasi ikitoka. Nilimwambia twende hivi hivi, hatufukuzwi. Akasema, "Ngoja kwanza." Ngoja kwanza ikawa miezi. Tulipokwenda tulikuwa tumechelewa. Sisemi karatasi ndiyo iliyomuua, kilichomuua ni kifua. Lakini karatasi ndiyo iliyomfanya angoje.

Baada ya kumzika niliapa. Nilikaa kwenye hili zulia nikaapa kwa sauti, peke yangu: sitalala tena kifudifudi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Hapo ndipo bastola ilipoingia.

Bastola mpya sikuiweza, bei yake ni ya watu wenye geti la umeme. Lakini mtandaoni wako wauzaji, wenye leseni zao, wanaouza bastola za zamani za jeshi. Majeshi ya Ulaya yakinunua mpya, za zamani zinatoka ghalani kwa makasha, zinakuja huku, zinauzwa bei ya chini. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Pinetown, nusu ya maisha yangu nimepasua marobota ya nguo. Nilipoona ule ukurasa nilicheka peke yangu nikiwa na pini mdomoni. Jamani, hii ni mitumba! Hata gredi wameweka. Gredi ya kwanza, imetumika kidogo. Gredi ya pili, ina mikwaruzo ya mkoba. Gredi ya tatu, njoo na moyo wako.

Basi nikawa nazitazama kama wenzangu wanavyotazama vitenge. Mteja akitoka kupimwa, nachungulia. Walizipanga juu ya kitambaa cha kijani, kila moja na namba yake, na kile kitambaa pindo lake lilishonwa vibaya, nikajisemea hawa watu bunduki wanazijua lakini uzi hawaujui. Nikaipenda namba kumi na nne. Gredi ya pili. Mpini umemeguka kidogo upande wa kushoto, mahali ambapo kidole gumba cha mtu kimekaa miaka mingi. Mtumba mzuri unaujua kwa namna ulivyochakaa. Ukichakaa pale panapostahili kuchakaa, basi ulivaliwa na mtu mwenye akili.

Nikainunua. Usidhani wanakuletea mlangoni kama pizza. Unalipa, muuzaji anaiandika kwa jina lako na kuifungia dukani kwake, na haitoki pale mpaka serikali ikupe leseni. Nikaanza safari ya leseni. Darasa nililifanya Pinetown Jumamosi tatu, wanaume kumi na wawili na mimi. Mtihani wa kuandika nilipata alama za juu. Mtihani wa kulenga, mwalimu alisogea karibu na karatasi yangu ya shabaha, akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia natunga uzi kwenye sindano siku nzima, wewe unadhani macho haya ni ya mapambo?

Na niseme ukweli wote kama nimeamua kuusema. Nilipopiga ile risasi ya kwanza nilifurahi. Siyo kidogo. Mkono uliruka, masikio yakalia, nikafurahi kama mtu aliyetua mzigo. Nilirudi nyumbani naimba.

Aliyenipinga ni Shemeji Safari, mdogo wake marehemu, mzee wa kanisa, mtu wa suti hata kwenye joto kama hili. Alikuja hapa na uso wa msiba. "Mama Riziki, unataka kuua nani? Iko vita hapa? Sisi tulikimbia bunduki Kongo, wewe unaileta ndani ya nyumba ya kaka yangu?" Nikamwambia nyumba ya kaka yako siku ile haikuwa na wewe ndani. Akasema mwanamke na bastola, wapi na wapi. Nikamwambia mwanamke na zulia ndiyo inafaa, siyo? Akaondoka bila kunywa chai. Jumapili iliyofuata kanisani likatolewa ombi la kuwakumbuka "wapendwa wanaotegemea silaha za mwili". Wapendwa! Nilikuwa peke yangu. Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote, ili wajue nipo.

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nikanunua sefu.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mwenye nyumba, mzee wa Chatsworth ambaye sote tunamwita Uncle, alinipa barua ya ruhusa ya kutoboa ukuta. Sefu ikaja. Lifti hakuna. Wanaume wanne wa kanisani, ambao siku ile walisahau ile sala, wakaipandisha ghorofa tatu wakitweta na kusimama kila kona, na kila mlango ukafunguka kuangalia. Kufikia Jumapili Berea nzima inayoongea Kiswahili inajua kwamba Mama Riziki ana kasha la chuma lisilobebeka.

Wazungu wakiona sefu wanafikiria bunduki. Watu wetu wakiona sefu wanafikiria karatasi.

Wa kwanza alikuwa Mama Espérance, wa Bukavu, jirani yangu, anayekaanga mandazi na kuyauza barabarani asubuhi. Alikuja na bahasha imefungwa kwa mfuko wa mkate. "Mama Riziki, iko nafasi kidogo? Kwa siku mbili tu, mpaka wenye kupaka rangi watoke kwangu." Ningekataaje? Sefu yenyewe tupu, bastola bado iko kwa muuzaji. Nikaweka. Siku mbili hizo sasa zina miezi saba. Wiki iliyofuata akaja dada mmoja wa saluni, ambaye kwao Lubumbashi alikuwa muuguzi na hapa anasuka nywele. Alileta stashahada yake ya uuguzi imeviringishwa kwenye bomba la plastiki. Haikuingia. Tukaikunja pamoja, polepole, yeye ameuma mdomo. Nikampa bahasha.

Wakaendelea kuja. Vibali vya ukimbizi, vyeti vya kuzaliwa, hati ya kifo ya mama wa mtu. Siku moja nafungua mlango, namkuta nani? Shemeji Safari. Suti, tai, macho yanatazama sakafu. "Ni kwa muda tu," akasema. Nikamwambia karibu sana Shemeji, hapa ndipo tunapoweka silaha za mwili. Bahasha yake nikaiweka chini kabisa, aivumilie.

Ufunguo wa pili ulikwenda kwa Mama Espérance kwa sababu iliyo wazi. Mimi niko Pinetown kutwa nzima. Watu hutembea na kopi, lakini kopi si kila askari anaikubali, na mtu akishikwa mchana, karatasi halisi inatakiwa sasa hivi, siyo jioni nikishafunga cherehani. Mwezi wa kumi na moja yule dada wa saluni alishikwa. Mama Espérance alifungua sefu mikono ina unga, akakimbia na bahasha hadi kituo cha polisi kwa ndala, moja ikakatika njiani, akafika na ndala moja. Bahasha ile mpaka leo ina alama za vidole vya unga. Dada yule jioni alilala kwake.

Basi hiyo ndiyo sefu aliyoikuta sajenti leo.

Kuna atakayeniuliza kwa nini nisinunue sefu nyingine. Ukuta wa zege humu ndani ni mmoja tu, zilizobaki ni mbao zilizopakwa rangi. Na Uncle aliruhusu matundu manne, alikuja kuyahesabu kwa kidole, akasema la tano nihame nalo. Na sefu isiyofungwa ukutani ni begi la chini ya kitanda, ila zito zaidi. Nimeyafikiria hayo yote tangu saa tano, msiniandikie.

Mchana wote nilikuwa nagombana peke yangu. Nilisema, nitatoa. Miezi kumi na mmoja! Alama za vidole, picha, foleni, darasa, kusemwa kanisani. Mimi ni mjane, nalala peke yangu, Riziki yuko chuoni mbali. Nani atakayenilaumu? Sefu niliinunua kwa jasho langu, kwa ajili ya bastola yangu, na hao watu wana nyumba zao. Nilifika hadi kuzitoa bahasha zote nikazipanga mezani kwa majina. Nikamwambia Mama Espérance, akasema sawa, tena akasema sawa upesi mno, akaenda zake. Nikajua habari itasambaa.

Saa kumi na mbili jioni mlango ukagongwa. Shemeji Safari, Mama Espérance, dada wa saluni, na nyuma yao kwenye korido watu kama saba wengine.

Nikasema haya, ndiyo hii. Amekuja na mashahidi. Amekuja kuniambia Mungu amesikia, bastola imeshindikana. Nilikuwa na maneno nimeyaweka tangu mwaka jana, makali, yamenolewa pande zote mbili, na leo yangetoka.

Shemeji akasema, "Mama Riziki, tumekuja kubeba makaratasi yetu."

Nikamwambia karibuni, yako mezani, furahini.

"Hapana, usikasirike kwanza." Akafuta jasho kwa kitambaa. "Mimi hiyo bastola siipendi. Leo siipendi, kesho siipendi. Lakini siku ile mimi sikuwa hapa. Wewe njo ulilala chini pamoja na yaya wangu, kaka yangu mkubwa. Mimi ni nani wa kukukatalia? Polisi akirudi Alhamisi, akute iko tupu."

Maneno yangu yote makali yakakosa wa kumchoma. Mtu umejiandaa kupigana, halafu mwenzako anaweka mikono chini. Nikasogea pembeni, mimi Mama Riziki, wakapita.

Wakaanza kuchukua. Mmoja mmoja, kwa adabu, kila mtu ananiambia asante Mama Riziki, umetulindia vya kutosha. Dada wa saluni akachukua ile yenye alama za unga, akaifunga kwa mfuko wa plastiki, akageuka ukutani akaisukuma ndani ya sidiria. Nikamuuliza Mama Espérance yake ataiweka wapi. Akasema usijali. Nikamuuliza tena. Akasema chini ya godoro, ningeiweka wapi tena?

Chini ya godoro. Letu lilikuwa begi chini ya kitanda; tofauti ni futi moja.

Shemeji akawa wa mwisho. Yake nilikuwa nimeiweka chini kabisa hata pale mezani. Akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akafungua koti, akaitia mfuko wa ndani. Akafika mlangoni. Akaupiga ule mfuko kwa kiganja.

Mara mbili.

Sijui kama anajua. Nadhani hajui, nadhani ni tabia ya baba yao, au ya mji wao, au ya kila mtu ambaye maisha yake yote yako kwenye karatasi moja. Lakini nilimwona mume wangu anatoka mlangoni asubuhi, anapiga mfuko usio na kitu.

Nikasema, "Rudisheni."

Hawakuelewa. Nikapaza sauti, korido nzima ikasikia. Rudisheni! Zote! Wewe dada, toa hiyo bahasha kifuani, itaoza kwa jasho. Mama Espérance, nani alikuambia godoro ni benki? Haya, leteni, nimesema leteni. Nililia pia, na nikagombana huku nalia, ndivyo nilivyo, nimeshazoea. Shemeji akashika koti lake kama nataka kumwibia. "Na bastola?" akauliza.

Nikamwambia, bastola ni yangu. Niliitaka mimi na ninaiacha mimi. Na Jumapili usithubutu kusimama mbele ya watu ukashuhudia kwamba Mungu alikusikia wewe. Ukisimama, na mimi nasimama.

Akacheka. Mara ya kwanza tangu msiba, naona meno ya mtu huyu. "Sitasimama," akasema, akanipa bahasha. Safari hii nimeiweka juu.

Wameondoka. Nimemwandikia muuzaji kwamba nimejitoa. Amenijibu upesi, kwa heshima, kwamba kesho ataandika namba kumi na nne inapatikana tena. Amesema hajawahi kuona mtu anajitoa na leseni iko mlangoni. Nimeufungua ule ukurasa nikaitazama kwa muda, ule mpini uliomeguka pale panapostahili. Nimeumia. Msiniambie afadhali, msiniambie nimefanya la hekima. Niliitaka, na bado naitaka. Na sajenti nitampigia kesho nimwambie asipande ngazi bure, ila akipenda maji ya baridi, karibu.

Wala sijaongoka. Ninaposikia hatua kwenye korido bado nashika meza. Mwanamke akija kuniuliza achukue darasa lile la Pinetown, nitamwambia nenda, tena upesi, na macho usiyafumbe unapopiga.

Ila kiapo changu nimekivunja, nikivunje hapa mbele yenu. Wakija tena, huenda nikalala kifudifudi. Nitalala kwenye zulia langu mwenyewe, na mdomo huu ukipenda uwaite wanangu. Wachukue simu. Wachukue kompyuta hii. Na kama wewe mwizi unasoma Kiswahili, kaa ukijua: ndani ya sefu hakuna bastola wala senti, na bolti ni nne, ndani ya zege. Utaondoka na vitu. Mtu wangu mwingine huondoki naye.

Kesho kuna kaka mmoja wa kanisani ameitwa kupeleka karatasi yake ofisi ya wakimbizi, na mimi nitakuwa Pinetown. Ufunguo uko kwa Mama Espérance, mlango wa pili hapo.